Tarehe Ambayo Hakuna Aliyeiandika

Mwezi uliopita nilistaafu, na wadogo zangu wa depo bado wananipigia simu kila kompyuta yao inapogoma. Nawajibu, lakini mtandao unakatika, na majibu mengine ni marefu kuliko salio langu. Basi naandika. Habari za vyeo sitazigusa. Zilinichosha nilipozipitia, zitawachosha na ninyi. Nitaeleza tulivyoanza, na mambo mawili yaliyotupata ambayo mpaka leo napenda kuyafikiria.

Naitwa Zaina. Nimezaliwa Kasuku, hapa hapa Kindu. Baba yangu alikuwa anauza vitambaa karibu na msikiti. Kupiga taipu nilifundishwa na masista, maana baba alisema taipureta haina dini. Nilipoingia depo ya dawa bado ilikuwa Zaire ya chama kimoja. Asubuhi tulisimama mbele ya bendera, tukaimba, tukapiga makofi, ndipo tukafungua milango. Kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia. Ukimwita mtu bwana, wenzako waligeuka kutazama nani amesikia.

Depo ilipeleka dawa hospitali na vituo vya afya: Pangi, Lokandu, mpaka ndani kabisa ya pori. Mkuu wetu alikuwa citoyen Shabani, mtu mrefu wa sauti ya pole, ambaye abakosi yake, koti lile la chama lisilo na tai, ilipigwa pasi vizuri kuliko ya mtu yeyote wa ofisi za serikali. Alijua kila kartoni inalala wapi. Alisema yeye hana haja ya masini, yaani mashine, na alisema kweli. Lakini wafadhili waliotuletea dawa walileta na kompyuta, na haikuwezekana kupokea moja tukakataa nyingine.

Ilishuka kwenye gari-moshi la kutoka Lubumbashi, ndani ya sanduku la mbao, na pamoja nayo akashuka citoyen Kabeya, fundi aliyeandika programu yake. Kwao ni Kasai, lakini alikulia Katanga, na Kiswahili chake kilikuwa na pembe-pembe ambazo sisi wa Kindu tulizicheka kwa adabu. Alikuwa mdogo wangu kwa umri. Akifikiri, alitafuna karanga. Akimaliza karanga kabla ya kupata jibu, alitoka nje kununua nyingine.

Siku ya kwanza nilimuuliza kama masini inajua Kiswahili.

"Haijue hata Kifaransa, mama Zaina," alinijibu. "Inajua kutii tu. Ukiiambia ujinga, itatii ujinga, tena haraka."

Kwanza hatukugusa programu. Alinifundisha vumbi. Tulikuwa na brashi laini ya mchoraji kwa ajili ya matundu ya hewa, na regulateri, chombo kizito cha kutuliza umeme, kwa sababu grupu ya mji, jenereta yetu sote, ilipumua kama mtu mwenye pumu: taa zinang'aa, zinafifia, zinang'aa tena. Disketi, zile sahani laini ambazo masini iliandikia kumbukumbu zake, tuliziweka ndani ya kopo la biskuti, juu ya kitambaa chenye mchele mkavu, ili mchele unywe unyevu. Kila Ijumaa nilinakili kila kitu kwenye disketi nyingine, na nakala hiyo nililala nayo nyumbani kwangu, si depo. Niliuliza kwa nini.

"Depo ikiungua, unataka nakala iungue pamoja na asili yake?" Kabeya aliuliza.

Nilisema depo ni ya matofali. Alisema hata meli ni za chuma.

Kazi ya programu ilikuwa rahisi kueleza. Kila dawa iliyoingia tuliandika jina, namba ya fungu lake, na tarehe ya kuisha nguvu. Kituo kikiomba dawa, masini ilitazama mafungu yote, ikayaacha yale yaliyokwisha kupita siku, kisha ikachagua lile linalokaribia kuisha kuliko mengine, ili lisije likaozea kwetu. Printa ikatoa karatasi yenye namba ya fungu. Magazinia, mtunza ghala wetu, akaenda kwenye rafu, akasoma namba, akachukua kartoni. Dawa zilizopita siku zilibaki depo kwenye rafu zao, kwa sababu kuzichoma kulihitaji kamisheni, yaani kamati ya serikali, na kamisheni ilihitaji watu ambao siku zote walikuwa safarini.

Kwa miezi mingi tulifurahi. Hata Shabani alianza kuiita "masini yetu." Jambo moja sikuliona wakati ule, nililiona baadaye: zamani kila mtu aliyeshika kartoni aligeuza macho kwenye tarehe yake. Masini ilipoanza kutazama tarehe, sisi tukaacha.

Halafu Pangi wakatuita kwa foni. Foni ni redio ya kuzungumza; vituo vyote vilikuwa kwenye mkondo mmoja, kwa hiyo ukigombezwa, jimbo lote linasikia. Sauti ilikuwa ya muuguzi mkuu wa Pangi.

"Kindu, mumetutumia tetrasiklini ya kufa. Imepita siku zamani. Kartoni zote. Tulisha kumupa mutoto mumoja, tukaona dawa iko na rangi ya kahawa. Tumeacha."

Shabani aliuliza mtoto yuko namna gani. Muuguzi alisema anatapika, wanamwangalia. Tetrasiklini ikizeeka inaharibu figo. Hilo tulilijua wote chumbani. Mtoto alipona, lakini habari hiyo ilichukua muda kutufikia, na katika muda huo Shabani alikaa kwenye kiti chake bila kufungua vifungo vya abakosi, joto lote lile.

Wakubwa wa mji walimwita. Alirudi na amri: kuanzia leo hakuna kartoni itakayotoka bila karatasi ya masini. Nilishangaa, maana karatasi ya masini ndiyo iliyotupeleka huko. Lakini amri haikuuliza maoni.

Kabeya alirudi kwa gari-moshi. Nilidhani atakasirika au atajitetea. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi, akatazama ile karatasi ya Pangi kwa muda, macho yanang'aa kama mtu aliyepewa kitendawili.

"Angalia, mama Zaina. Haikuchagua fungu baya ovyo-ovyo. Imechagua lile la zamani kuliko yote katika depo nzima. Muntu akikosea, anakosea huku na huku. Hii imekosea muzuri sana. Kuna kitu imetii. Tutafute ilitii nini."

Tulijaribu maombi ya Pangi tena. Masini ikachagua fungu zuri. Tukajaribu ya Lokandu: zuri. Tukarudia mpaka magazinia akatuuliza kama tunacheza. Kila mara jibu lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lilimsumbua Kabeya. Kosa linaloonekana kila siku unalishika mkia. Linaloonekana mara moja moja linakungoja uondoke.

Siku iliyofuata, tukiwa bado tumekaa, grupu ya mji ikazima. Ikawaka tena. Skrini ikarudi, nyeusi, na lile swali lake la Kiingereza ambalo iliuliza kila ilipoamka. Hakuna mtu depo aliyejua Kiingereza. Shabani alikuwa amesimama nyuma yetu. Akainama kwa wema wake, akabonyeza kitufe kikubwa.

"Hapo unapita tu," alisema. "Ikiuliza mara ya pili, unapita tena."

Kabeya aliacha kutafuna.

"Papa Shabani, sikuzote munafanya vile?"

"Sisi wote. Kwani inauliza nini?"

"Inauliza tarehe ya leo."

Masini hiyo haikuwa na saa ya kwake. Ikizimika, ilisahau siku. Ikiamka, iliuliza; usipoijibu, ilijichagulia tarehe ya kwanza inayoijua, nayo ilikuwa mwaka mpya wa themanini. Huko Lubumbashi umeme haukatiki-katiki, na Kabeya mwenyewe alijibu swali hilo kila asubuhi kama mtu anayejibu salamu, bila kufikiri. Sisi asubuhi nilijibu mimi, kwa kuwa alinionyesha siku ya kwanza. Lakini umeme ulipokatika mchana, yeyote aliyekuwa karibu alipita tu.

Tukaipa masini maombi ya Pangi ikiwa katika mwaka huo wa uongo. Printa ililia, karatasi ikatoka, na juu yake namba ya fungu la kufa. Kwa masini, siku ile ilikuwa zamani sana. Hakuna dawa hata moja iliyokuwa imepita siku. Na kwa kuwa tuliifundisha kuchagua inayokaribia kuisha kwanza, ilikwenda moja kwa moja kwenye ile iliyooza kuliko zote. Sheria tuliyoiweka kwa ajili ya uangalifu ndiyo iliyomchagulia mtoto wa Pangi dawa mbaya kuliko zote.

Nilitaka kujua ni kosa la nani. Kabeya alitikisa kichwa.

"Swali hilo litatulisha siku nzima na hatutashiba. Mimi niliandika programu inayoamini tarehe ambayo hakuna muntu aliyeiandika. Tuanzie hapo."

Aliandika mistari mipya. Masini ingeweka kwenye disketi tarehe ya mwisho iliyofanya kazi, na ikiamka na tarehe iliyo nyuma ya hiyo, ingekataa kufungua. Muda haurudi nyuma. Kwa hiyo tarehe inayorudi nyuma ni ya uongo. Nilisoma mistari hiyo pamoja naye, mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda kazi hii. Alinifundisha kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha kujaribu. Alinifundisha kunakili kabla ya kugusa. Aliniachia programu yote kwenye karatasi za printa, akapanda gari-moshi akaenda zake.

Lile la pili lilikuja majira ya mvua. Asubuhi moja nilikuwa kliniki na mwanangu. Niliporudi nikamkuta Shabani mbele ya skrini, na muuguzi wa Lokandu, citoyen Lukali, amesimama mlangoni na suruali imelowa mpaka magotini. Alikuja kwa pirogi ya mota, mtumbwi wa injini. Huko kwake watu walikuwa wanaharisha maji matupu, mitaa ya wavuvi kwanza, sasa mpaka karibu na kanisa. Aliomba seramu za mishipa, chumvi za kunywa, na dawa.

"Masini imekatala," Shabani aliniambia. "Inasema kila kitu kimepita siku. Depo muzima."

Nikatazama. Ilikuwa kweli, kwa masini hatukuwa na hata kidonge kimoja kizima. Nikaangalia tarehe. Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na safari hii Shabani hakupita tu. Aliandika tarehe kama alivyofundishwa. Ila pahali pa themanini na sita paliandikwa tisini na sita. Tarakimu moja, kitufe cha jirani.

Nikazima, nikawasha, nikaandika tarehe ya kweli. Masini ikakataa kufungua. Ilikwisha kuandika kwamba tuko tisini na sita, na muda haurudi nyuma. Mlango tuliouweka kwa ajili ya uongo wa nyuma ulikuwa umetufungia nje kwa uongo wa mbele. Nakala ya Ijumaa ilikuwa nyumbani, na kuirudisha kungekula nusu ya siku.

Lukali hakuelewa, wala hakuwa na haja ya kuelewa. "Mama," aliniambia, "niache mimi niingie nichukue. Kule kuna watu chini, juu ya majani ya migomba. Vitanda vimeisha."

Shabani alisema, taratibu, kwamba amri iko. Bila karatasi ya masini, kartoni haitoki. "Kitu kikiharibika tena, mimi njo nitajibu. Wataniambia nilikataa amri. Unajua wanapeleka watu wapi."

Nilijua. Sikumlaumu. Nilimwambia: "Papa, amri walitoa juu ya nini? Juu ya dawa za kufa zisitoke. Tarehe ziko juu ya kartoni, zimechapwa. Tusome kwa macho yetu. Mimi nitasoma, wewe utahakikisha. Watu wawili, majina mawili, sahihi mbili. Kama wakituita, tutaenda wawili."

 Shabani akatoa funguo mfukoni, akampa magazinia.

Tukasoma. Nilishika kila kartoni karibu na dirisha, nikasoma tarehe kwa sauti, Shabani akainama, akatazama, akasema: "Njo ile," yaani ndiyo hiyo. Nikaandika. Kartoni inayofuata. Lukali aliipokea na kuipeleka nje bila kusubiri kuambiwa. Nikasoma, Shabani akasema njo ile, mpaka pirogi ikashuka majini kwa uzito. Tukaweka sahihi wote wawili. Lukali akaondoka, kuteremka mto Lualaba ni haraka kuliko kupanda, nikashukuru kwa hilo.

Halafu nikarudi kwenye masini. Ningeweza kurudisha nakala ya Ijumaa, na mwishowe ndivyo nilivyofanya, lakini nilijua kesho yake mtu mwingine ataandika mwaka mwingine. Programu yenyewe ilihitaji kubadilishwa. Nikaomba Lubumbashi kwa foni wamtafute Kabeya.

Alipatikana siku iliyofuata. Nilimweleza. Nikamsikia anacheka, kicheko cha mtu aliyejiona kwenye kioo.

"Nilichunga mulango mumoja tu," alisema. "Bon. Mama Zaina, chukua kalamu."

Akaanza kunisomea mistari kwa redio. Tarehe ikiruka mbele kupita mwezi mmoja, masini iulize tena, na mtu wa pili aiandike upya yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuja na kuondoka kama mtu anayezungumza huku anafunga na kufungua mlango. Katika mstari wa tatu nikampoteza kabisa. Ndipo sauti nyingine ikaingia, nene, ya taratibu.

"Kindu, hapa Kasongo. Mimi namusikia muzuri. Nikurudilie?"

Alikuwa mtu wa foni wa Kasongo, jina lake Masudi. Hakuwahi kuona kompyuta. Kabeya alisema mstari, Masudi akaurudia, mimi nikaandika na kumsomea tena, naye akampelekea Kabeya. Alitamka kila alama kwa heshima, "halafu kamata nukta mbili, halafu fungua mabano," kama mtu anayesoma Kurani asiyoijua maana yake lakini hataki kuikosea. Hakukosea hata moja. Nikaandika kwenye nakala, nikajaribu tarehe ya nyuma, nikajaribu ya mbele, nikajaribu ya leo. Ilifanya kazi.

Kabeya aliuliza: "Na Lokandu? Dawa zao zilitokaje kama masini ilifunga?"

Nilimweleza jinsi tulivyosoma watu wawili. Alisema hiyo ni nzuri kuliko mistari yake, tuiandike kwenye sheria za depo. Shabani, aliyekuwa amekaa kando yangu, alitazama mikono yake.

Masudi bado alikuwa kwenye mkondo. Aliuliza, kwa udadisi tu, kama mtu aliyeanza kuipenda hadithi: "Samahani. Na kama mumoja wa wale wawili haone muzuri?"

 Nikamsikia Shabani akisema kando yangu, pole pole, si kwa redio:

"Mimi sione, Zaina. Maandishi madogo, ni zamani sasa. Jana nilikuwa narudilia sauti yako tu. Sikutaka muone."

Nilimtazama. Abakosi yake ilikuwa safi, vifungo vyote vimefungwa. Nilifikiria zile kartoni zote nilizozisoma haraka, mwanangu ana homa nyumbani, Lukali ananivuta kwa macho. Zilitoka kwa macho ya mtu mmoja na sahihi mbili.

Lokandu ni karibu na Kindu, lakini mchana foni yao hatukuisikia. Sauti zao zilituruka juu, zikashukia mbali, Kasongo. Sababu yake nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye na nilifurahi sana kuijua. Siku ile nilimwambia tu Masudi: "Kasongo, uniitie Lokandu. Umwambie Lukali ashike kila kartoni, asome tarehe. Usimwambie mimi nilisoma nini."

Tulisubiri. Shabani alisogeza kiti chake, akakaa akielekea redio kama mtu anayengoja hukumu. Kisha sauti ya Masudi ikarudi, na nikafungua karatasi yangu ya jana.

Alisoma fungu la kwanza, tarehe yake. Ilikuwa sawa na yangu. La pili, sawa. Alisoma kwa ule ule utaratibu, hakuharakisha, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Kartoni moja ya chumvi za kunywa ilikuwa tofauti. Mimi niliandika kwamba imebakiza mwaka. Lukali alisema imebakiza mwezi mmoja tu.

"Anauliza kama aitupe," Masudi alisema.

"Asitupe," nilisema. "Iko bado muzima. Aitumie ya kwanza, leo hii." 

"Sawa. Anasema pia, wawili walifariki mbele pirogi haijafika. Kisha pale, hakuna mwingine."

Shabani alifungua kifungo cha juu cha abakosi yake. Aliniomba karatasi, akaisogeza karibu na uso mpaka ikagusa pua, akatafuta pale penye sahihi yake, akaifuta kwa mstari mmoja. Kando yake akaandika, kwa herufi kubwa ambazo yeye mwenyewe angeziona, jina la Lukali.